Bweni Nalo ni Meli

Msimu wa meli za kitalii ukifika, huwa tunapata vichekesho vya bure. Abiria mia mbili wametapika katikati ya bahari, mtu amerusha video ya korido imejaa watu wameshika matumbo, na sisi huku tunaandika chini yake: ati umelipa nusu milioni uende kuharia baharini? Kwa mtu wa Embu, ambaye bahari iliyo karibu naye ni bwawa la Masinga, hiyo ni burudani safi. Wacha watu wacheke, sina shida.

Swali langu ni moja tu. Tumejuaje?

Yaani mimi, nikiwa kwa matatu inayopanda kutoka Embu kwenda Meru, naweza kufungua simu nikakwambia ni abiria wangapi wameugua kwenye meli fulani, ni wafanyakazi wangapi, safari ilianza lini ikaisha lini, na meli ilifanya nini baada ya kujua. Lakini matatu hiyo hiyo inapita shule za bweni Runyenjes, inapita Chuka, inapita Nkubu, inaingia Meru mjini, na hakuna mtu yeyote ndani yake, hata yule mwenye sare ya afya ya umma aliyekaa mbele na dereva, anayeweza kukwambia ni watoto wangapi wa hizo shule wameendesha wiki hii. Mtu wa Florida tumbo lake lina hesabu. Mtoto wa Mbeere tumbo lake ni siri ya shule.

Nasema hiyo siri ni uamuzi wa watu wazima, umefanywa na unafanywa kila muhula, na unaua.

Nieleze kwanza hao wenzetu wa meli wanafanyaje, kwa sababu watu hudhani ni mambo ya pesa nyingi na mashine. Marekani ina mpango wa usafi wa meli chini ya CDC, kile kituo chao cha kudhibiti magonjwa, na mpango huo umekuwapo tangu miaka ya 1970. Meli ya abiria inayotoka nchi nyingine ikikaribia bandari ya Marekani, lazima ipeleke taarifa: ni watu wangapi walimwona daktari wa meli kwa sababu ya kuhara au kutapika. Hata kama ni sifuri, unaandika sifuri. Idadi ikifika asilimia 2 ya abiria au ya wafanyakazi, unatuma taarifa nyingine maalum. Ikifika asilimia 3, mlipuko unatangazwa hadharani, jina la meli na yote. Halafu kuna wakaguzi wanaokuja mara mbili kwa mwaka bila kupiga simu, wanapekua jikoni, matangi ya maji, friji, mahali pa kunawa, na wanatoa alama juu ya 100. Ukipata 85 kushuka, umeanguka, na kila mtu anaona umeanguka.

Mwaka 2024 waliorodhesha milipuko 18. Mwaka uliotangulia ilikuwa 14. Ndiyo maana unafikiri meli ni chafu. CDC wenyewe wanasema milipuko ya norovirusi ya melini ni kama asilimia 1 tu ya ile yote inayoripotiwa kwao. Meli zina sifa mbaya kwa sababu zinahesabiwa, na sisi tuna sifa nzuri kwa sababu hakuna aliyeshika kalamu.

Sasa sikia hii. Hiyo norovirusi, mfalme wa matumbo ya meli, haikupata jina lake melini. Ilipata jina shuleni. Mwaka 1968, katika mji mdogo wa Norwalk, jimbo la Ohio, shule ya msingi iliangushwa kwa siku mbili: karibu nusu ya wanafunzi na walimu walikuwa wanatapika na kuumwa na tumbo. Sampuli za kinyesi zilihifadhiwa, na mwaka 1972 mwanasayansi Albert Kapikian akakiona kirusi chenyewe chini ya hadubini. Norwalk ikawa noro. Kwa hivyo mtu akikwambia huu ni ugonjwa wa matajiri wa melini, mwambie ulizaliwa darasani.

Na ukifikiria vizuri, kuna nini melini kisichokuwa kwenye bweni? Watu wengi wamefungiwa mahali pamoja. Wanakula chungu kimoja. Wanashika mlango mmoja, reli moja ya ngazi, bomba moja. Wanalala wamepangwa kama mikate, na kwetu siku hizi vitanda ni ghorofa tatu, kwa hivyo aliye juu akitapika usiku, walio chini wanapata mvua. Huwezi kuondoka ukitaka, maana lango limefungwa na walinzi wako hapo. Tofauti ni kwamba abiria wa meli atateremka baada ya siku saba. Mtoto wa bweni ana wiki kumi na kitu.

Kirusi chenyewe hakihitaji msaada mwingi. Chembe chache, chini ya mia, zinatosha kukulaza. Dalili huja kati ya saa 12 na 48, kwa hivyo ukiona wa kwanza ameanza, wengine wameshakula naye. Mgonjwa akipona bado anaweza kukitoa kwenye choo kwa wiki mbili au zaidi. Ile sanitaiza tuliyoizoea tangu Covid haikiwezi vizuri. Kinachofanya kazi ni sabuni na maji yanayotiririka, sekunde 20, na kwa sakafu na vitanda ni dawa ya klorini, ile jik ya kawaida, ikae dakika tano hivi kabla ya kupanguswa. Hakuna chanjo yake iliyoidhinishwa. Ya rotavirusi tunayo, Kenya iliiingiza kwa chanjo za watoto Julai 2014, na nyingi ya familia zetu zimeisahau kwa sababu imefanya kazi. Norovirusi bado iko huru. Duniani inakadiriwa kuangusha watu milioni 685 kwa mwaka na kuua kama 200,000, wengi wao katika nchi za kama yetu.

Sisemi kila tumbo la Meru na Embu ni norovirusi. Hiyo ndiyo shida yenyewe, hatuwezi kusema. Inaweza kuwa hiyo, inaweza kuwa taifodi, inaweza kuwa amiba, inaweza kuwa kabeji iliyooshwa kwa maji ya mtaro. Mtoto anapewa dawa ya taifodi hata kabla hajaketi, kwa sababu taifodi ndiyo jina tunalompa kila tumbo tusilolielewa.

Dada yangu mdogo yuko katika shule moja ya bweni kwenye hiyo barabara. Shule nitaiacha bila jina, kwa sababu ukiipa jina watu watasema ni hiyo tu, na si hiyo tu. Muhula uliopita simu ilikuja saa tano usiku kutoka nambari nisiyoijua. Alikuwa ameomba simu ya mpishi. Akasema kwa sauti ya chini, "Usiambie Mama. Tuko wengi. Maji yameisha tangu Jumatatu na kuna msichana hajaamka vizuri." Ilikuwa Jumatano.

Asubuhi nikapiga ofisini. Naibu wa mwalimu mkuu alikuwa mpole sana.

"Mzazi, tulia. Hali imedhibitiwa."

"Asante, mwalimu. Ni wangapi?"

"Ni wachache tu, mzazi."

"Wachache ni wangapi, mwalimu? Kumi? Mia?"

"Mzazi, hiyo ni mambo ya ndani."

Hiyo ni mambo ya ndani. Niliandika hayo maneno kwa simu yangu na bado yako. Ndani ya nani? Matumbo ni ya watoto wetu, karo ni yetu, choo ni cha umma, na hesabu ndiyo ya ndani. Niliwahi kuuliza bei ya tikiti ya ndege nikapata majibu mengi kuliko hayo.

Dada alipona. Yule msichana aliyekuwa hajaamka vizuri alipelekwa hospitali akawekewa maji ya mshipa, naye alipona. Siku mbili baadaye ujumbe uliingia kwenye kundi la wazazi la WhatsApp: wazazi wasisambaze uvumi unaoharibu jina la shule. Kuhusu maji, hakuna neno. Kuhusu ni nini kilichopimwa, hakuna neno. Kulikuwa na emoji ya mikono inayoomba.

Niwaulize walimu wakuu kitu kwa heshima, maana wengine ni watu wema waliobeba mzigo ambao si wao: jina la shule linalindwa dhidi ya nani? Mnaikumbuka Mukumu. Aprili 2023, shule ya wasichana ya Mukumu, Kakamega, watoto walikuwa wakilalamika matumbo, wengine walipewa dawa wakarudishwa darasani, wengine walirudi nyumbani wakiwa hoi. Mamia waliugua. Wanafunzi walikufa na mwalimu akafa. Shule ikafungwa, maabara zikataja bakteria za E. koli na salmonela, bodi ikavunjwa, mwalimu mkuu akaondolewa. Jina la shule lililokuwa likilindwa sasa linajulikana na Wakenya wote, hata wale wasiojua Kakamega iko wapi. Ugonjwa wa aina hii una mlango wa mapema ambapo hesabu ya ishirini ni habari ndogo, na una mlango wa mwisho ambapo hesabu ni ya majeneza.

Fanya hesabu na mimi. Shule ya watoto 1,000. Asilimia 2 ni watoto 20. Kwa sheria ya meli, mtoto wa ishirini akienda choo mara tatu kwa siku, kengele inalia, mkaguzi anajua. Sisi hatuna namba. Tunangoja mpaka mtu azimie mbele ya mzazi siku ya ziara.

Nina binamu anafanya kazi jikoni kwenye hizo meli. Alitoka kijijini karibu na Runyenjes, akafanya kozi ya hoteli, akazungushwa na mawakala mpaka akapata mkataba. Kazi ni ngumu, miezi mingi bila siku ya kupumzika, sitaki mtu adhani namsifia bepari wa meli. Lakini aliniambia jambo moja ambalo limenikaa. Akihara mara moja lazima aripoti. Anatolewa jikoni, anafungiwa chumbani, na harudi kugusa chakula mpaka zipite saa 48 tangu dalili ziishe. Akificha, anafukuzwa. Saa 48 si mambo ya bosi wake mwenye roho nzuri. Iko kwenye mwongozo wa wale wakaguzi.

Sasa njoo kwa jikoni ya shule yetu. Mpishi ni kibarua. Analipwa kwa siku. Ameamka saa tisa usiku kuwasha kuni, tumbo linamkata tangu jana. Akisema ni mgonjwa, leo hana pesa, na kesho kuna mtu mwingine amesimama langoni akitaka hiyo nafasi. Wewe ungesema? Mimi nisingesema. Ana kile cheti cha afya cha wahudumu wa chakula, kile kinachofanywa upya kila miezi sita, kimewekwa kwa faili ya mhasibu. Cheti cha Januari kinajua nini kuhusu tumbo la Jumanne? Norovirusi inakuja na kuondoka kwa siku tatu. Cheti kimelala kwenye faili, mpishi amesimama kwenye sufuria, na hakuna karatasi inayompa siku mbili za kulala nyumbani akilipwa. Ukitaka kupunguza kuhara kwa watoto 1,000, mlipe huyo mama siku mbili. Ni pesa ndogo kuliko basi la shule kwenda michezo ya kanda.

Na tafadhali tuache kulaumu githeri. Kila tumbo likiuma watu wanapiga picha ya mdudu kwenye maharagwe. Mdudu anaudhi, ni dharau, mtu mmoja huko ununuzi alikula hizo pesa, hilo ni kweli na lina makala yake. Lakini githeri iliyotokota saa nne ndiyo chakula salama kuliko vyote kwa hiyo sahani. Hatari iko baada ya moto: upawa uliowekwa chini, kikombe kimoja kinachozungushwa watoto kumi, kabeji mbichi ya Jumapili, mkono wa anayegawa mkate, na maji.

Hapo kwa maji kuna imani yetu sisi watu wa mlima ambayo lazima niichokoze. Tumelelewa tukijua kwamba maji yanayoshuka kutoka Kirimaara ni safi. Yanaonekana safi, ni baridi, unaona mawe chini. Shosho yangu kule upande wa Nkubu atakucheka ukichemsha. Lakini Kathita ikipita Meru mjini na Rupingazi ikipita Embu, si maji yale yale yaliyotoka msituni. Kati yake na barafu kuna ng'ombe, kuna vyoo vya shimo, kuna gereji, kuna sisi. Na kirusi hakina rangi. Mwaka 2014 watafiti walichapisha kazi yao waliyoifanya kwa maji ya mito iliyochaguliwa hapa Kenya, ya mjini na ya mashambani, wakakuta norovirusi, na aina iliyotawala ilikuwa ile inayoitwa GII.17. Kipupwe hicho hicho cha 2014 kuelekea 2015, GII.17 ikalipuka China na Japani. Na msimu wa 2024 hadi 2025 ndiyo iliyotawala milipuko ya Marekani, ikapita ile aina ya zamani. Sisemi ilitoka kwetu, ushahidi huo sina na hizi aina hubadilika njiani. Ninachosema ni kwamba mito yetu ilikuwa na habari miaka kumi kabla ya abiria wa meli, na baada ya utafiti huo maisha ya bwenini yaliendelea vile vile, bomba likitoa maji siku mbili kwa wiki, tangi likijazwa na lori lisilojulikana limechota wapi.

Ndiyo maana nikiona lile bango la "Nawa Mikono" juu ya bomba kavu, nachemka. Kila tarehe 15 Oktoba, siku ya kunawa mikono duniani, wageni wanakuja na fulana, watoto wanaimba, karai linaletwa na maji kutoka nyumba ya mwalimu, picha zinapigwa, karai linarudi. Umemfundisha mtoto kitu anachokijua, kisha umemnyima kitu cha kukifanyia. Akiugua, kosa ni lake, si tulimfundisha? Abiria wa meli naye huambiwa anawe. Huambiwa asitegemee sanitaiza, asishike chakula cha wote kwa mkono, aripoti akiumwa, akae chumbani. Ushauri ni huo huo. Lakini yeye akifungua bomba maji yanatoka ya moto, na mlipuko ukianza zile meza za kujipakulia zinafungwa, wahudumu wanapakua, na kuna watu wanapita na dawa wakisugua kila kishikio. Ushauri juu ya maji ni ushauri. Ushauri juu ya bomba kavu ni matusi.

Kuna wakati serikali yetu ilionyesha inajua kazi hii. Mwaka 2017, Juni, wajumbe wa kongamano kwenye hoteli moja Nairobi walipata kipindupindu, tena kongamano la watu wa afya, Mungu ana ucheshi. Julai ikafuata maonyesho ya biashara pale KICC, na mara hii waliolazwa walikuwa pamoja na mawaziri wawili. Ghafla kila mtu akakumbuka sheria. Hoteli zikafungwa, waziri wa afya akaamuru wahudumu wa chakula wapimwe upya, magazeti yakahesabu wagonjwa mmoja mmoja. Hiyo kasi yote ilikuwa inatoka wapi? Ilikuwapo siku zote. Ilikuwa inangoja tumbo la waziri.

Nikiuliza watu wa kaunti kwa nini hawakagui jikoni za shule kama hoteli, napata jibu la kupigiana mpira. Katiba ya 2010 iliipa kaunti huduma za afya, pamoja na kudhibiti biashara za kuuza chakula. Shule za sekondari zikabaki za serikali kuu. Kwa hivyo mkaguzi ni wa gavana, na jikoni ni ya wizara ya elimu. Mkaguzi akija langoni, anaulizwa barua ya nani. Hana gari, hana mafuta, na ana kaunti ndogo nzima peke yake. Kibanda cha chapati pale stendi ya Embu kinamwona mara nyingi kuliko jikoni inayolisha watoto 1,000 mara tatu kwa siku, kwa sababu kibanda kinalipa leseni na shule hailipi. Nimekaa na hilo nikaona halina utetezi. Mwenye vitunguu viwili anatishwa kufungwa. Mwenye sufuria ya lita mia tano anasalimiwa.

Watu watasema Marekani ni Marekani. Meli ina faida, ina daktari, ina maabara. Shule ya kaunti ina nasi mmoja na kopo la panadoli. Sawa. Lakini angalia tena kile nilichoeleza mwanzo. Sikuomba maabara. Kuhesabu kunahitaji daftari la shilingi arobaini na kalamu. Kila asubuhi matroni anaandika: jana usiku, wangapi wameharisha mara tatu au zaidi, wangapi wametapika, bweni gani. Kama ni sifuri, sifuri. Hilo daftari linapigwa picha na kutumwa kwa afisa wa afya ya umma na kwa wazazi. Ikifika 20 kwa 1,000, afisa anakuja, sampuli zinapelekwa Embu Level 5 au hospitali ya rufaa ya Meru kabla mtu hajameza dawa, wagonjwa wanalala bweni moja, choo chao kinatengwa, na hakuna anayejipakulia. Hiyo si Marekani. Hiyo ni kupanga laini.

Wengine watasema watoto hujifanya. Ni kweli. Kila shule ina bingwa wa kuumwa siku ya hesabu, na bingwa huyo ana kipaji, angeenda tamasha za drama. Mhesabu naye. Ukiwa na daftari la muhula mzima utajua kawaida ya shule yako ni watatu kwa siku, wawili wakiwa waongo. Siku ukiona kumi na tisa, hata ukiondoa waongo wako wote, una kumi na saba. Bila daftari, kila mgonjwa ni mshukiwa, na msichana ambaye hajaamka vizuri anaambiwa aende maombi ya asubuhi.

Na kuna wale wazee wetu, na cha ajabu siku hizi hata watu wa rika langu, wa "sisi tulikunywa maji ya mto na tukatoka". Ndiyo, mlitoka nyinyi. Waliobaki hawawezi kuandika kwenye kundi la wazee wa shule.

Kwa mdogo wangu, na kwa yeyote wenu aliye na mtu ndani, haya ndiyo ninayompakia kwenye sanduku kwa sasa, nikijua ni plasta kwenye mguu uliovunjika. Kipande cha sabuni ndani ya soksi, kwa sababu sabuni isiyo kwenye soksi huibwa. Kikombe chake na kijiko chake, vimeandikwa jina, na ruhusa yangu ya kuwa mchoyo navyo. Chupa ya maji ya lita mbili anayoijaza siku bomba likiwa na maji. Pakiti kumi za ORS. Zikiisha, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, anywe kidogo kidogo hata kama anatapika. Jirani akitapika, asifute kwa kitambaa chake. Akiona damu kwenye choo, au mtu amelegea na hakojoi, asingoje ruhusa ya mtu, apige kelele mpaka lango lifunguliwe. Barua ya kujiunga na shule ilitaka tulete reki, panga, rimu mbili za karatasi na galoni ya rangi. Sabuni ya kunawa mikono haikuwemo.

Muhula ujao kuna mkutano wa wazazi. Nimesoma Kifungu cha 35 cha Katiba, kile cha haki ya kupata habari, na ile sheria ya 2016 inayokitekeleza, na shule ya umma ni taasisi ya umma. Kwa hivyo naenda na barua, nakala tatu, moja ya mwalimu mkuu, moja ya bodi, moja ya afisa wa afya wa kaunti ndogo, na nitataka zipigwe muhuri mbele yangu. Maswali ni manne. Muhula uliopita waliougua tumbo walikuwa wangapi? Ni nini kilipimwa na majibu yako wapi? Maji ya tangi yalipimwa mara ya mwisho lini na nani? Mpishi akiwa mgonjwa, analipwa?

Nikijibiwa, nitaandika majibu hapa. Nisipojibiwa, nitaandika pia. Na wewe uliye na mdogo wako Kangaru, Kaaga, Meru School, Chuka, popote kwenye hii barabara, sina habari yoyote mbaya kuhusu shule yake, sina habari yoyote kabisa, na ndiyo maana nakuomba uchukue hiyo barua, ubadilishe jina, upeleke.